Mama Aliposahau Neno Mungu

Mama alisahau kwanza bei za vitu sokoni, kisha majina ya wajukuu, kisha Kiswahili. Daktari alitueleza kwamba huwatokea wazee wengi waliokulia katika lugha moja na kuzeekea katika nyingine: lugha iliyoingia mwisho ndiyo huondoka kwanza. Kinyamwezi alichonyonya nacho kilibaki. Miezi ya mwisho, mtu aliyetaka kuzungumza naye ilibidi atumie Kinyamwezi au anyamaze. Mimi Kinyamwezi changu ni cha kusikia zaidi kuliko cha kusema, kwa hiyo mara nyingi nilinyamaza.

Mama alikuwa Mkatoliki wa kubatizwa utotoni. Alikuwa na rozari iliyopotewa na punje mbili, na kitabu cha sala kilichochapwa hapo hapo Tabora na T.M.P., chenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa gunia. Jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wetu ilikuwa ikisali uani kwake kabla sijaanza shule. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa naye uani pale, kiti chake kikiwa kimeelekezwa mashariki kama alivyozoea kutaka, nikamsikia akisali. Hakusema Mungu. Alisema Liwelelo.

Nikamsahihisha. "Mama, sema Mungu."

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Kesho yake akasema tena Liwelelo, nami nikamsahihisha tena. Nimefundisha historia sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusahihisha. Lakini huu haukuwa usahihishaji wa mwalimu. Ulikuwa woga. Katika familia yetu jina hilo lilikuwa la upande ule wa ukoo uliobaki na matambiko. Nilikuwa nawaona tayari watu wa mazishi wakinong'ona kwamba mama wa fulani alirudi kwenye upagani mwishoni.

Padri alipokuja kumpa mpako wa wagonjwa, mama akaanza tena. Padri aliinama akasikiliza, kisha akanigeukia: "Anasema nini?"

"Anasali, Padri," nikamjibu.

Sikumwambia anamsali nani. Mama alifariki baada ya wiki tatu, na swali likabaki kwangu: siku ile nilidanganya, au nilitafsiri sawasawa? Sikuwa na mahali pa kulipeleka isipokuwa pale ninapojua kutafuta, yaani katika historia ya mji wetu wenyewe.

Tabora ni mji uliozaliwa na njia. Mwanafunzi wangu yeyote anaweza kukutajia: Burton na Speke walifika hapa, mahali walipopaita Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya siku 130 tangu waache pwani. Waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha jenga nyumba na kupanda miti ya matunda. Kutoka hapa njia moja iliendelea magharibi hadi Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kilichokuwa kikipita tunakijua: pembe za ndovu, watumwa, vitambaa vya merikani, shanga, waya, baruti. Na tunajua mabega ya nani yalibeba. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe zao kabla wafanyabiashara wa pwani hawajazoea kupanda bara. Mzigo wa mpagazi ulifika frasila mbili, kama kilo 32.

Maneno hayakupimwa kwa frasila, lakini nayo yalisafiri. Hata jina la kabila letu linaelezwa hivyo. Wazee walijiita kwa nchi zao, Wanyanyembe na wengineo, kila mmoja chini ya mtemi wake. Watu wa pwani ndio waliowaita Wanyamwezi, watu wa mwezi, na maelezo yanayotajwa sana ni kwamba walitoka magharibi, upande ambao mwezi mwandamo huonekana. Jina tulilopewa na wateja wetu tukalichukua, tukarudi nalo nyumbani.

Neno Mungu nalo lina safari yake. Kwa Wayao, Wanyanja, Wamijikenda na Wakamba ni Mulungu, na ni hivyo pia kwa Wagogo, ambao nchi yao wapagazi wetu walilazimika kuivuka kila walipokwenda na kila waliporudi. Pwani neno lilifupika likawa Muungu, kisha Mungu. Huko Waislamu walilichukua na kulivika sifa ya Mwenyezi, yaani mwenye enzi, na enzi ni neno la Kiarabu. Wamisionari walipoanza kuandika Kiswahili, Krapf upande wa Mombasa tangu 1844 na baadaye Steere kule Unguja, hawakubuni jina la Mungu wao. Walilikuta limekwisha zoeleka katika midomo ya Waislamu, nao wakaliazima. Kwa hiyo neno nililomtaka mama aliseme, nikidhani ndilo neno safi la Kikristo, lilikuwa limepita mashambani kwa watu wasio na kitabu, likapita misikitini, ndipo likaingia kanisani.

Na lilipofika Unyamwezi halikukuta nyumba tupu.

Wazee wa hapa walikuwa na majina kadhaa. Likube, aliye juu ya vyote. Limatunda, muumbaji. Limi, ambalo ni jua. Na Liwelelo, ambalo ni ulimwengu. Haya si majina ya miungu minne. Ni majina ya mmoja, kila moja likimshika kwa upande wake. Ibada ya kila siku haikuelekezwa kwake moja kwa moja. Mtu akiugua au mvua ikikawia, watu walimwendea mfumu, naye akampasua kuku na kusoma ndani yake ni mzimu gani wa ukoo aliyesahauliwa. Tambiko lilikuwa la wahenga, na yule mwenye majina manne alikuwa nyuma ya wote.

Nataka msomaji asimame nami kwenye jina la nne. Wanafunzi wangu, wawe Waislamu au Wakristo, wanajua kwamba kuna ulimwengu na kuna aliyeuumba, na kwamba hao ni wawili. Ukimchanganya fundi na meza yake umekosea. Mama, katika kiti kile, alikuwa akitumia jina linalosema ulimwengu na kumaanisha yule anayeombwa. Jina hilohilo. Sikuelewa wakati ule kwamba nilipomwambia "sema Mungu" sikuwa nikimpa neno la lugha nyingine kwa maana ileile. Nilikuwa nikimtaka akubali mgawanyo ambao jina lake halikuufanya.

Mgawanyo huo ulifika Tabora kwa tarehe zinazojulikana. Mwaka 1878 ulipita hapa msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Algiers miaka kumi nyuma, kisha ukagawanyika, wengine wakaenda Tanganyika na wengine Nyanza. Mwaka uliofuata daktari Southon wa London Missionary Society alifika Urambo kwa Mirambo, akakaa huko hadi alipofariki 1882. Wote walitegemea lugha ya msafara. Na kila walipofika, swali la kwanza la mafundisho lilikuwa lilelile ambalo mama alinifundisha kulijibu kwa kukariri nikiwa na miaka sita: nani aliyekuumba?

Swali hilo linaonekana jepesi mpaka uliulize katika lugha isiyolitarajia. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, alieleza jinsi wamisionari wa Kiitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi swali hilo. Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana ya kufanya kitu kiwepo kutoka pasipo kitu, hivyo wakatumia neno la kufinyanga. Nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa. Watu hawafinyangwi, huzaliwa. Walipobanwa zaidi, mmoja akakumbuka kwamba yupo anayefinyanga watu: ni yule roho anayewapinda mgongo wagonjwa wa uti, aitwaye Rubanga. Jina hilo likaandikwa. Okot alitumia kisa hicho kuwaonya wenzake, John Mbiti akiwa mmojawapo, kwamba wanawavika wahenga wa Afrika kanzu ya falsafa ya Kigiriki kisha wanashangilia jinsi inavyowakaa.

Nilipokisoma kisa hicho mara ya kwanza nilicheka. Nilipokirudia baada ya msiba sikucheka, kwa sababu kinanigusa pande mbili. Waliotuandikia mawazo ya Wanyamwezi kwa urefu walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa misheni: Padri Bösch, aliyechapisha kitabu chake kwa Kifaransa mwaka 1930, na Blohm wa Moravian, aliyeandika kwa Kijerumani miaka hiyohiyo. Je, Limatunda muumbaji ni wetu kweli, au ni jibu la wazee waliobanwa na swali? Hapo sina haki ya kuapa. Lakini Liwelelo ni jambo tofauti. Padri anayetafuta muumbaji aliye mbali na viumbe vyake hana sababu ya kubuni jina linalomfanya muumbaji na ulimwengu kuwa neno moja. Jina hilo linamsumbua. Na kwa Wasukuma, ndugu zetu wa kaskazini wanaolitumia pia, Berta Millroth alipoandika kitabu kuhusu dini yao ya asili mwaka 1965, jina alilolipa kitabu chake lilikuwa Lyuba, jua. Hapo tena kitu kinachoonekana na yule anayeombwa vinashika jina moja.

Hata sarufi inashuhudia. Kiswahili kina ngeli ya watu, ile ya mtu na watu. Ungetarajia Mungu akae humo, lakini wingi wake si waungu, ni miungu. Kwa umbo lake neno hilo limekaa pamoja na moto na mioto, mto na mito, mwezi na miezi, na pia moyo na mioyo, mwili na miili, mzimu na mizimu. Tunamwita "yeye" na tunasema "Mungu amependa", lakini umbo la neno linakumbuka kitu ambacho sisi tumesahau. Liwelelo nalo halianzi kama munhu, mtu. Linaanza na li-, kama Limi. Simaanishi kwamba wazee walimwona Mungu kama kitu tu. Walimwomba, na mtu haombi kitu. Ninachosema ni kwamba hawakuona haja ya kumfanya kwanza afanane na mtu ndipo wazungumze naye.

Mwanangu wa kwanza anasoma fizikia chuo kikuu. Aliacha kwenda kanisani mwaka wake wa pili, nasi tulikuwa hatujalizungumza jambo hilo hadi likizo ile alipokuja kumwuguza bibi yake. Jioni moja aliniambia, kwa upole wa mtu anayevunja habari, kwamba ulimwengu una umri wa miaka kama bilioni 13.8, kwamba ulianza ukiwa mdogo na wa moto usiosemeka, na kwamba ukishaeleza hivyo hakuna nafasi inayobaki kwa fundi.

Nilimjibu kama mwalimu wa historia. Nilimkumbusha kwamba tarehe 19 Septemba 1916 Tabora yetu iliangukia mikononi mwa jeshi la Kongo lililoongozwa na Wabelgiji. Siku hizohizo, huko kwao Ubelgiji, kijana mmoja aliyeitwa Georges Lemaître alikuwa askari wa mizinga. Baada ya vita akawa padri, tena mwanafizikia, na mwaka 1927 akaandika kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 akapendekeza kwamba wote ulitokana na kile alichokiita atomu ya mwanzo. Kwa hiyo habari ambayo mwanangu alidhani inamfukuza padri ililetwa na padri.

"Basi alikuwa anatafuta ushahidi wa Mungu," akasema.

Hapana, na hapa ndipo ninapompenda Lemaître. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipohutubia mwaka 1951 na kuonyesha kwamba sayansi sasa inashuhudia uumbaji, Lemaître hakufurahi. Kwake nadharia ilikuwa nadharia, ingeweza kukosolewa na vipimo vya kesho, na imani isingejengwa juu yake. Alikataa kumtia muumbaji mwanzoni mwa hesabu kama mtu anavyotia sahihi mwishoni mwa barua.

Mwanangu akanyamaza kidogo. Bibi yake alikuwa anaongea peke yake ndani. "Sasa Bibi anamwomba nani?"

"Anasema Liwelelo. Ulimwengu."

"Kama ni ulimwengu," akasema, "basi hata mimi naamini upo."

Tulicheka wote, lakini mazungumzo hayakuishia pale kama yalivyokuwa yakiishia. Kwa mara ya kwanza tangu aache kanisa tulikuwa na neno moja ambalo kila mmoja wetu angeweza kulishika bila kumdanganya mwenzake. Bado yeye anasema ulimwengu hausikii. Nami nasema hilo ndilo hasa linalobishaniwa.

Kwa maana swali la mwanzo wa ulimwengu halikuwa lililoniumiza zaidi. Lililoniumiza lilikuwa hili: aliyekuwa akisali ni nani? Mtu ambaye hakunitambua mimi, aliyeniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, alikuwa bado yeye? Daktari alisema fahamu ziko, ila kumbukumbu imekwenda. Nililiwaza jibu hilo usiku kucha, pamoja na maneno yake. Fahamu ni neno la Kiarabu asili yake. Akili vilevile, na roho, na nafsi, na dhamiri. Karibu kila neno la Kiswahili tunalolitumia kueleza kinachofikiri ndani ya mtu lilipanda njia ileile na merikani na shanga. Yaliyokuwepo kabla yake ni moyo, kivuli, mzimu, na utu. Nayo hayasemi jambo lilelile. Nafsi ni ya mtu mmoja peke yake. Mzimu haupo bila wanaoukumbuka, na utu hauonekani bila mtu wa pili.

Wanasayansi wanakadiria kwamba ubongo una seli za neva kama bilioni 86, na bado hawajakubaliana ni vipi seli zinazaa hisia ya kuwa "mimi". Siwacheki. Hata sisi hatujakubaliana.

Baada ya arobaini nilikwenda Kwihara, kwenye tembe la makumbusho ambalo wageni huenda kwa ajili ya Livingstone na Stanley waliokaa huko 1872. Mimi nilikwenda kwa ajili ya watu wengine. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwezi Mei 1873, wafuasi wake, Chuma na Susi wakiwa mbele, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba. Oktoba walifika hapa Unyanyembe na kumkuta Cameron, ofisa wa Kiingereza, aliyewashauri wauzike mwili papa hapa. Wakakataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Karibu miezi tisa walibeba mtu asiye na moyo, asiye na pumzi, asiyejua lolote, na hakuna siku waliyoona kwamba si yeye tena.

Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango uliochongwa nikaona jinsi nilivyokuwa nimekosea. Nilikuwa nimemngoja mama athibitishe kwamba bado ni yeye, kwa kunijua mimi, kwa kusema neno langu. Wapagazi wale hawakumdai maiti uthibitisho. Utu wa yule mtu ulikuwa mzigo wao, waliubeba wao. Na mama, kila asubuhi, alikuwa akimwita kwa jina yule aliyeamini kwamba anambeba.

Mwisho nilimwendea padri. Nilimweleza kwamba siku ile nilimficha. Nikamtajia jina. Akatabasamu, kwani yeye ni Msukuma, akasema bibi yake mzaa baba alikuwa akilitaja kila jua linapochomoza. Hakuniambia kama ni sawa au si sawa, nami sikumwuliza.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali ni kwamba sikudanganya. Mama alikuwa anasali. Lakini tafsiri yangu ilikuwa pungufu, na nilichokiacha hakikuwa neno moja tu. Mababu waliobeba neno Mungu kutoka pwani hawakuwa wajinga waliosubiri kuambiwa kwamba yupo. Walikwisha jiuliza vyote hivi vimetokea wapi, na mojawapo ya majibu yao ilikuwa kutovitenganisha na yule waliyemwomba. Tulipopokea jina jipya tulipata mengi, na mimi bado nasali kwa jina hilo. Ila tulilipokea kama mtu anayehamia nyumba mpya na kuacha ndani ya ile ya zamani kitu ambacho hakukijua thamani yake.

Msalaba wa kaburi la mama una maneno ya Kiswahili, kama alivyoishi. Siku ya kuujengea tulikwenda mapema, mimi na mwanangu, kabla mafundi hawajafika. Jua lilikuwa linapanda nyuma ya miembe. Yeye ndiye aliyeniuliza jina lile linatamkwaje. Nikalitamka mara moja, naye akalirudia akikosea kidogo mwishoni. Sikumsahihisha.